Nyumba Isiyofunguka Paa

Sikwenda pale kutafuta huzuni. Binti yangu ndiye aliyenivuta: Mama, umestaafu, unakaa tu nyumbani kugombana na redio, vaa viatu twende mjini uone wazimu wa watu. Ukumbi ulikuwa na meza ndefu zilizotandikwa vitambaa vyeupe, na juu ya meza zilipangwa kazi za watu wazima wanaojenga kwa vitofali vya plastiki, vile vya watoto, ambavyo unavibana kwa kidole vinashikana. Watu wazima kweli, nasema. Mmoja wakili, mwingine fundi wa simu, mwingine mama muuguzi mwenye miwani, kila mmoja amesimama nyuma ya kazi yake akijifanya haoni kwamba unaiangalia. Nilishangaa, na sioni haya kusema. Kulikuwa na cheminée, lile bomba kubwa la moshi la kiwanda cha mji wetu, Lubumbashi, inanifika kifuani, na kando yake ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Mjenzi alikuwa amechanganya nyeusi, kijivu na kahawia iliyofifia mpaka unaona kabisa mahali ambapo mvua imechimba mifereji. Kulikuwa na mtumbwi wa Kasenga umejaa samaki, na samaki wenyewe ni vipande vilivyotengenezwa kiwandani viwe majani ya maua. Nani alikaa chini akawaza kwamba jani la ua ukililaza ubavu linakuwa samaki makobo? Pale kwenye mtumbwi sikukaa sana, na sababu yake itajulikana. Nikasogea meza ya mwisho, kwenye stesheni ya treni ya kijana mmoja mwembamba, nyumba ndefu ya njano yenye saa na mabenchi ya abiria. Ndipo nikakiona. Katika ukuta, chini ya dirisha la tiketi, kulikuwa na kitofali cha njano kilichoungua pembe moja, plastiki imeyeyuka ikaganda. Pembe ile niliiunguza mimi, kwa pasi ya makaa, katika nyumba moja ya mtaa wa Kamalondo, nikiwa msichana.

Binti yangu aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia ni joto.

Mwaka ule nilikuwa nasomea ualimu, na nilikuwa nimepanga chumba kwa watu wawili wazee, mume na mke, katika njia moja ya mafundi cherehani nyuma ya baa. Nimefundisha shule maisha yangu yote, ndiyo maana naandika Kiswahili cha kitabu, lakini watu wale nitawaacha waseme walivyosema. Mke aliitwa Mama Modeste na mume Papa Modeste, kama desturi yetu ya kumwita mzazi kwa jina la mtoto, na katika nyumba ile desturi hiyo ilikuwa mzigo. Modeste alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa anakwenda Kasenga kununua samaki na kuwaleta Lubumbashi, na safari moja mtumbwi ulizama katika mto Luapula. Wenzake waliokotwa, wengine wazima, wengine wamekufa. Yeye hakuonekana, si mwili, si shati. Basi kila mume akitaka chumvi alitaja jina la yule kijana, na mke akimjibu kwamba chumvi imeisha alilitaja tena. Walikuwa wanaitana hivyo kutoka alfajiri hadi kulala, na mimi nilikuwa nasikia, kwa sababu chumba nilichopanga kilikuwa chake.

Mama Modeste alinionyesha chumba kabla hata sijaweka sanduku chini. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na alisema kama mtu anayenieleza mahali pa kuteka maji. "Utalala mu kitanda yake, haina neno. Lakini mulango usifunge na funguo. Na biatu biko chini ya kitanda, bikale palepale. Siku atakuya, utatoka, utalala mu salon." Nilikubali, kwa sababu mwanafunzi hana pa kwenda, na kwa sababu nilidhani ni maneno ya wiki za mwanzo tu. Nikalala mwaka mzima na mlango umeegeshwa. Wewe jaribu. Kila upepo ukiusukuma nilikuwa nasema moyoni, huyu hapa amefika, na mimi nimelala kwenye kitanda chake na nguo ya ndani. Viatu vilikuwa vya ngozi nyeusi, vimepigwa rangi, na Mama Modeste alikuwa anaingia kuvipangusa vumbi bila kubisha hodi. Sikuwahi kumwona kijana yule, lakini nilikuja kujua unyayo wake wa kulia ulikuwa unalalia nje.

Shida ya nyumba ile ilikuwa moja, na mtaa mzima uliijua. Papa Modeste alitaka misa isomwe, watu waitwe, kilio kikaliwe, mtoto aliliwe kama mtu. Mke alikataa. Usipouona mwili, alikuwa anasema, unamlilia nani? Paroko alikuja akarudi. Dada za mke walitoka upande wa reli kaskazini, wakakaa siku kadhaa, wakarudi. Mume hakugombana naye. Alikuwa mtu wa reli, baba yake alikuwa wa reli, na alikuwa na tabia ya watu waliozoea kungoja treni: anakunja mikono, ananyamaza. Mimi nilidhani kunyamaza kwake ni kukubali. Ningekuwa na akili ya leo ningeangalia mikono yake, maana mikono haikunyamaza.

Jumapili baada ya misa ya kwanza walikuja wenzake, na hapo nyumba ilibadilika kabisa. Walikuja kujenga, na kazi hiyo waliiita shantie yao, kama mahali pa ujenzi. Tonton Gaby alikuwa fundi wa magari kutoka Kenya, mtaa wa mji wetu, mnene, mwenye kicheko kinachotangulia kuingia mlangoni. Papa Théo alikuwa mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Kivu ya Kaskazini, mwenye malori na suruali iliyopigwa pasi kama ya mchungaji. Na Papa Modeste, mwenye salon, yaani sebule tuliyokaa. Vitofali vyao, ambavyo waliviita tubriki, vilitoka kwa familia za wageni wa migodini waliofunga mizigo na kuondoka haraka wakaacha vitu vya watoto, na vingine Papa Théo alivipata ndani ya marobota ya nguo kuukuu. Walivitunza katika mabeseni, kila rangi na beseni lake, na vilikuwa havitoshi kamwe. Kwa sababu hiyo walikuwa na sheria zao, nao walizishika kuliko wanavyoshika mafungo. Hakuna gundi. Kazi ikikamilika inakaa kwa muda mezani, watu wanakuja kuisifu, halafu inabomolewa ili mwingine ajenge. Aliyejenga habomoi chake: anakaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, haongei, wenzake wanabomoa. Na kila paa lazima lifunguke. Hiyo ya mwisho walikuwa wakali nayo, kwa sababu walisema nusu ya kazi iko ndani, na mgeni ana haki ya kuchungulia.

Nilichungulia sana. Nilikuwa nabeba sahani yangu ya bukari, ugali wetu, na matembele kutoka jikoni nakwenda kula nimesimama karibu na meza yao, jambo ambalo mama yangu angenipigia kofi. Tonton Gaby alijenga karakana yenye gari limeinuliwa na miguu ya fundi inatokea chini, na ukifungua paa unaona kalenda ukutani na mke wa fundi amesimama mlangoni na chakula, amekasirika. Papa Théo alijenga lori la kijani limekwama kwenye tope, na tope lenyewe lilikuwa la kahawia la aina nyingi mpaka ukatamani kupandisha suruali. Nilikuwa nacheka peke yangu. Katika nyumba ambayo hakuna aliyecheka siku sita, ya saba wanaume watatu wenye mvi walikuwa wanatupiana utani juu ya dirisha lililopinda, na Mama Modeste alikuwa anawaletea munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika mtungi, anaweka, anatoka bila kuangalia meza. Nilimwonea huruma, na saa nyingine nilimwogopa.

Baada ya Pasaka zamu ikawa ya Papa Modeste, na alichojenga ni nyumba ileile tuliyokuwa ndani yake. Hakutangaza. Msingi ulipofika urefu wa kidole Gaby alitambua barza, ile baraza ya mbele, halafu dirisha la jikoni lenye kioo kimoja tofauti, akasema maskini, iko kwako. Kwa kawaida kazi iliachwa wazi wiki nzima, lakini hii alikuwa anaifunika kwa kikwembe, kitenge cha mkewe, na hakuna aliyeuliza. Alijenga polepole, kiangazi kizima. Na katika kiangazi hicho tubriki zilianza kupungua. Beseni la nyeusi likaonyesha sakafu yake. Gaby alitaka kujenga cheminée, akafika nusu akakosa. Papa Théo akaleta katoni nyingine, nayo ikaisha bila kitu chochote kuonekana kimejengwa. Jumapili moja Gaby alisimama na beseni tupu mkononi akasema tubriki haina miguu, halafu akaangalia mlango wa chumba changu. Ah, niliudhika. Mimi, mwalimu wa kesho, niibe vitu vya kuchezea vya wazee? Nilimtolea sanduku langu nje, nikamwaga nguo zangu mbele yao, na Gaby akaona aibu akasema hakumaanisha. Papa Modeste peke yake hakuinua macho. Nilidhani anaona aibu kwa niaba ya mwenzake.

Kitofali kile cha njano nilikikuta siku za hapohapo, kimeanguka kwenye korido. Nilikiweka mezani niendelee kupiga pasi blauzi yangu, umeme ulikuwa umekatika, nikaegesha pasi ya makaa bila kuangalia, na harufu ikajaa nyumba. Nilikipeleka kwa Papa Modeste kwa woga, kwa sababu kati yao kuharibu kimoja lilikuwa jambo zito. Alikigeuza, akagusa pembe iliyoyeyuka na ukucha, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Sasa hii iko na jina," alisema. Akakitia katika mfuko wa shati, upande wa kushoto, nami sikukiona tena mpaka siku ninayoiendea.

Mwisho wa kiangazi aliondoa kikwembe. Watu wa mtaa walikuja kuangalia, na kweli ilistahili kuangaliwa. Mabati yenye kutu aliyajenga kwa nyekundu na machungwa, mpapai wa nyuma ulikuwepo, na ndoo chini ya bomba. Paa lilifunguka upande wa jikoni na salon, ndani unaona meza, mbabula ya kupikia kwa makaa, cherehani ya Mama Modeste yenye gurudumu linalozunguka kweli. Lakini upande wa chumba cha mtoto paa lilikuwa limefungwa, tubriki zimepandana kama ukuta wa matofali ya kweli, hakuna pa kuingiza ukucha. Gaby alizunguka meza akanuna. Nyumba gani haifunguki? Papa Théo akamvuta mkono, akamwambia polepole aache, ni nyumba yenye mambo. Na sheria ya kubomoa ilipofika siku yake, wakaogopa kuisema. Nyumba ikakaa. Jakaranda zikachanua, zikapukutika, na nyumba iko pale mezani katikati ya salon, tunaizunguka kwenda kuoga.

Ilikuwa na mlango mmoja mdogo wa mbele, wenye bawaba. Papa Modeste alikuwa anaufunga kila Jumapili, na kila Jumapili iliyofuata tulikuta uko wazi. Gaby hakupenda kuukaribia. Mimi nilijua ni nani. Asubuhi moja nilitoka chumbani nikamkuta Mama Modeste anafagia salon. Alifika kwenye meza, akahamisha fagio mkono wa pili, akasukuma mlango ule kwa kidole kidogo mpaka ukafunguka wote, kisha akaendelea kufagia. Hakuniona, au aliniona na hakujali. Nilirudi nikakaa kitandani, na viatu vya Modeste vikiwa chini yangu, na nilichokiona sijawahi kukieleza kwa mtu.

Sikukuu ya Watakatifu Wote ikaja, na siku ya Marehemu baada yake, siku ambayo mtaa mzima unabeba majembe na maua kwenda makaburini. Mama Modeste alibaki nyumbani, akasonga bukari, akaweka sahani tatu na ya nne. Tulikula na sahani ile inatuangalia. Nadhani ndiyo iliyommaliza mume. Jumapili iliyofuata, mvua inapiga mabati, yeye mwenyewe aliwaambia wenzake wabomoe. Alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti.

Walianza na jikoni, kama inavyotakiwa, kutoka juu. Papa Théo alikuwa anatoa kipande kimoja kimoja kwa heshima, anakitaja, anakitupa katika beseni lake: meza, mbabula, gurudumu. Kisha Gaby akaja upande wa chumba. Aliingiza ncha ya kisu, paa likatoka tabaka la kwanza, na chini yake kulikuwa na tubriki. Akatoa tabaka la pili, chini yake tubriki. Akasema dari hii ni nene, ba Papa. Akaendelea. Zilitoka nyeusi za cheminée yake, zikatoka za kijani za lori, nyeupe, bluu, zote zilizokosekana tangu kiangazi, zimebanwa bila nafasi hata ya sindano kupita, kutoka paa hadi sakafu, kutoka ukuta hadi ukuta. Hakukuwa na kitanda. Hakukuwa na chumba. Gaby akaendelea kutoa. Katikati kabisa, mahali ambapo mto wa kitanda changu ungekuwa, kulikuwa na kitofali cha njano kilichoungua pembe.

Sikuona Mama Modeste alipoingia. Alikuwa amesimama na mtungi wa munkoyo, na safari hii alikuwa anaangalia meza. Aliangalia muda mrefu. Alikuwa mtulivu, na sauti yake ilikuwa ileile ya chini.

"Na mutoto atalala wapi?"

Swali halikuwa letu. Aliyejenga haruhusiwi kuongea wakati kazi yake inabomolewa, na katika miaka yao yote, Gaby aliniambia baadaye, hakuna aliyewahi kuongea. Papa Modeste aliinua mikono kutoka magotini.

"Hatakuya tena, Mama Modeste. Mutoto alikufa."

Mtungi haukuanguka. Aliuweka chini, akapita mbele yetu, akaingia chumbani kwangu, akatoka amebeba vile viatu kifuani. Akakaa sakafuni karibu na kiti cha mumewe, akaegemeza kichwa kwenye goti lake, ndipo akalia. Sijasikia tena kilio kama kile, na nimezika watu wangu. Majirani walikuja katika mvua bila kuitwa. Kabla ya jioni mikeka ilikuwa imetandikwa, wanawake wamefunga vikwembe kiunoni, mtu ameleta makaa, mtu ameleta unga, na Papa Théo ameegesha lori lake kukinga barza. Walimlilia Modeste kama mtu. Misa ilisomwa katika wiki hiyo, na viatu viliwekwa mbele ya altare mahali ambapo jeneza lingekaa.

Nimewaza miaka mingi juu ya mikono ile. Mtu anapochukua vitofali vya rafiki zake, siku baada ya siku, akavibana katika chumba cha mwanawe, anafanya nini? Saa nyingine nasema alikuwa anazika, kwa sababu alinyimwa kuzika. Saa nyingine nasema alikuwa anaziba, asione kitanda. Na saa nyingine, hasa ninapokuwa peke yangu, nasema alijenga jambo ambalo mdomo wake ulishindwa kusema, akangoja wenzake wamfungulie. Alikuwa amewaacha wanishuku mimi, na kwa hilo nilimkasirikia, kisha nikaacha. Hawa wote sasa wamekwenda. Papa Modeste alitangulia, mke akamfuata, na Gaby na Papa Théo nao.

Baada ya kilio kuisha Mama Modeste alikuja mlangoni kwangu, kwa mara ya kwanza akabisha hodi. Alisema sasa naweza kufunga mlango. Alinipa funguo yenyewe mkononi. Nilifunga. Sikupata usingizi. Nililala macho nikisikiliza kama kuna mtu anajaribu kuingia akakuta pamefungwa, na alfajiri niliamka nikaufungua. Nilihama kabla ya Krismasi. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliishi na mimi miaka mingi akilalamika kwamba siwezi kulala katika chumba kilichofungwa funguo, na sikumwambia kwa nini.

Pale ukumbini, yule kijana mwembamba aliona nimesimama muda mrefu mbele ya stesheni yake. Akaniambia kwa furaha kwamba tubriki nyingi alizinunua kwa watoto wa mzee mmoja fundi wa magari wa mtaa wa Kenya aliyefariki, ziko za zamani, hata rangi zake siku hizi hazipatikani. Hakujua kitu. Nikamsifu, nami nilimsifu kwa moyo, maana saa ile na mabenchi yale yalikuwa kazi nzuri. Kisha nikamuuliza kama paa linafunguka, na sauti yangu ilitoka vibaya, binti yangu akageuka.

"Linafunguka, Mama," alisema, "lakini mu ndani hamuna kintu. Nilipenda tu kupanga inje."

Nilimwomba afungue. Alishika paa kwa mikono miwili, akaliinua lote mara moja. Niliinama. Mwanga wa ukumbi uliingia mpaka sakafuni, na nyuma ya dirisha la tiketi, upande wa ndani wa kile kitofali changu, mlikuwa na nafasi ya kutosha kuweka kitanda.